Naomba ushauri: nataka kuijua z/VM, niko Mbeya na laptopu ya 4GB, umeme umeshaniharibia kazi mara moja

KijanaWaUyole

Habari za jioni wakuu, wakubwa zangu shikamooni.

Niko hapa Uyole, mchana nashinda steshenari ya Kabwe nachapa na kutengeneza kompyuta za watu, usiku ndo najisomea. Linux naijua kiasi, nishaweka seva ndogo mbili tatu za watu zikafanya kazi. Sasa nina binamu yangu yuko nje, kazini kwao wanatumia meinifremu, zile kompyuta kubwa za IBM, kaniambia Linux za pale haziko kwenye seva moja moja kama tulivyozoea huku, ziko mamia ndani ya mashine moja chini ya kitu kinaitwa z/VM, na wanaoielewa vizuri ni watu wazima wanaokaribia kustaafu. Akasema nikiiva ndani ya miezi sita ataniunganisha nifanye usaili. Tangu siku hiyo usingizi umepungua, hii kitu naitaka kweli.

Nimepakua Hercules, ile emuleta inayoigiza meinifremu, nikaweka VM/370 ya zamani ambayo ni bure na kuna watu wameendelea kuiboresha. Ikawaka, nikamwita hadi mdogo wangu aje aone. Najua kuingia kama MAINT, mtumiaji wa matengenezo, najua IPL CMS, yaani kuiwasha CMS, naandika vi-EXEC vidogo, yaani skripti, na nimetengeneza watumiaji wawili kwenye directory, ile orodha ya watumiaji na diski zao, wawe wanatumiana faili.

Shida sasa. Wiki iliyopita mvua ilipiga, umeme ukakata, na betri ya laptopu ilishakufa siku nyingi kwa hiyo ikazima papo hapo. Umeme umerudi saa nne usiku nikawasha, VM ikaniuliza nianze na WARM, CKPT, FORCE au COLD. Nikajibu WARM, ikasema data za warm hakuna. Nikaiwasha tena nikajibu COLD, ikapanda vizuri kabisa, ila faili zote nilizokuwa nimemtumia yule mtumiaji wa pili hazipo. EXEC kumi na moja, kazi ya wiki mbili, na nakala upande wa kwanza nilishazifuta nikijua zimefika.

La pili, juzi nimewasha MVS, mfumo endeshi mwingine wa meinifremu, kama mgeni ndani ya VM, inapiga kazi vizuri, nikataka nitumie skrini kwa jambo lingine nikaandika #CP LOGOFF. MVS nzima ikafa.

Naomba mnisaidie, je faili zile zinarudi? Na hii VM ya 1972 itanisaidia kweli kwenye z/VM ya leo au napoteza muda? Halafu kuna jamaa anasema anayo z/VM yenyewe ya kuweka kwenye Hercules, anataka elfu hamsini, nichukue?

NyandaZaJuu

Pole sana mdogo wangu kwa hiyo kazi. Mimi ntasema ninachokiamini, achana nayo. Weka Proxmox kwenye kompyuta ya mezani, nayo inaendesha kompyuta nyingi ndani ya moja, jifunze KVM iliyo ndani yake na mambo ya klaudi, kazi zake zipo hadi hapa Mbeya. Meinifremu Tanzania utaikuta wapi ya kushika kwa mkono? Miezi sita ni mingi, ukiitumia kwa kitu kisicho na soko huku utaumia.

Mzee wa Kihesa

Kijana marahaba. Mimi nimestaafu niko Iringa, ila nilifanya kazi miaka mingi nje kwenye chumba cha mashine hizo, VM nimeilea na imenilea, kwa hiyo nisome taratibu.

Faili zako hazirudi. Nakwambia mapema usije ukakesha unazitafuta. Lakini elewa kwa nini zimepotea maana hapo ndo VM yenyewe ilipo. Ile sehemu inayoitwa CP haimpi mtumiaji akaunti tu kama Linux, inampa kompyuta nzima ya kuigizwa. Ingia kama mmoja wa wale watumiaji wako uandike QUERY VIRTUAL uone, kuna konsoli 009, kisoma kadi 00C, kitoboa kadi 00D, printa 00E, na diski yake ya 191. CMS ni mfumo endeshi mdogo wa mtu mmoja unaowashwa ndani ya hiyo kompyuta yake. Wewe ulipotuma faili, kilichotokea ni kwamba kompyuta ya kwanza ilitoboa kadi na CP ikazipeleka kwenye kisoma kadi cha kompyuta ya pili. Zikakaa pale. Mwenyewe hakuingia akaandika DISK LOAD au READCARD kuziingiza kwenye 191 yake, si ndiyo? Basi zilikuwa bado ziko spool, ile foleni ya CP ya faili zinazosubiri kupokelewa, na COLD maana yake ni futa spool yote tuanze upya. Diski za 191 haikuzigusa, nenda kaangalie utakuta kila kilichokuwemo kipo.

Umeme ukikata ghafla WARM haiwezi kukubali kwa sababu data zake huandikwa wakati OPERATOR anapoandika SHUTDOWN, na wewe hukupata nafasi hiyo. Hapo jibu ni CKPT, inachukua muda kidogo ila inaokota spool kutoka kwenye kumbukumbu ilizokuwa inaziandika njiani. CKPT ikishindwa jaribu FORCE, utapoteza zile zilizoharibika tu. COLD ni ya mwisho kabisa, mimi kazini nilikuwa siruhusu mtu aandike COLD peke yake bila mwenzake kusimama pembeni.

Hiyo LOGOFF nayo ni hivyohivyo, umezima kompyuta ya MVS, umechomoa waya. Ukitaka kuondoka na mgeni abaki anafanya kazi ni #CP DISC. Skrini inaachiwa, MVS inaendelea kimyakimya. Ukirudi unaingia kwa jina lilelile utaambiwa umeunganishwa tena, na chini kulia kwenye skrini ukiona CP READ ujue mgeni amesimama anakusubiri, andika BEGIN aendelee. Au mapema kabisa uweke SET RUN ON asisimame. Na ukiona MORE... usidhani imeganda, bonyeza Clear.

DadaTukuyu

Shikamoo mzee, nimejifunza kitu hapa.

Kaka wa Uyole, mimi ni fundi wa maabara ya kompyuta, umeme wetu unaujua. Kwanza betri, tafuta hata ya mtumba pale Mwanjelwa, ikikaa dakika kumi tu inakutosha kuandika SHUTDOWN. Pili kwenye Hercules kuna kitu kinaitwa shadow file, ukikiweka kwenye kila diski iliyogandamizwa, faili la diski lenyewe haliandikwi tena, mabadiliko yote yanaingia kwenye faili la pembeni. Likiharibika unalitupa unarudi ulikokuwa. Mi kila Jumamosi nazima VM vizuri halafu nakopi folda nzima kwenye flash. VM/370 nzima haijazi hata flash ya 8GB, huna sababu ya kutokukopi.

FundiWaMafinga

Kuhusu elfu hamsini, usimpe mkuu. Leseni ya z/VM ni ya kulipia na ni kwa mashine za IBM, kwenye Hercules hairuhusiwi. Sasa fikiria uko kwenye usaili wanakuuliza umejifunzia wapi, unasema nilinunua kopi kwa jamaa? Umeshaukosa. VM/370 ni halali, jivunie hiyohiyo. Na kama unataka kushika mashine yenyewe, IBM wana Z Xplore, unajisajili bure unapewa mazoezi kwenye meinifremu halisi. Humo ni z/OS, mrithi wa MVS, si z/VM, ila mkono utazoea mazingira.

NyandaZaJuu

Mzee nakuheshimu, lakini bado nauliza, kitu cha 1972 kinamfundisha nini mtu wa leo?

Mzee wa Kihesa

Swali zuri. VM/370 ilitangazwa Agosti 1972, na mzizi wake ni CP-40 iliyoanza kutumika Januari 1967 kule Cambridge, Massachusetts. z/VM imekuja 2000, na ni ukoo uleule haujakatika. QUERY, SPOOL, IPL, DISC, LINK, directory yenye mistari ya USER na MDISK (wa kumgawia mtumiaji diski), vyote atavikuta. Hata Proxmox unayomshauri wazo lake la kompyuta ndani ya kompyuta ndilo hilohilo.

Yapo ambayo hatayakuta kwenye VM/370 na lazima ayasome kwenye vitabu vya IBM ambavyo viko wazi kusoma. VM/370 inaishia megabaiti 16, z/VM ni ya biti 64. Faili kule zinapokelewa kwa RECEIVE. Directory inasimamiwa na programu ya DIRMAINT. Kuna VSWITCH, swichi ya mtandao iliyoko ndani ya CP ambayo wale wageni wa Linux wanachomekwa. Na tangu toleo la 6.2 la 2011 unaweza kumhamisha mgeni wa Linux kutoka z/VM moja kwenda nyingine akiwa anatembea, watumiaji wake wasijue. Hapo kwenye usaili watamuuliza sana, kijana andika pembeni.

Unachosema kuhusu soko la Mbeya ni kweli, sibishi. Lakini huyu hajasema anatafuta kazi Mbeya, ana mtu anayemsubiri upande wa pili na ana miezi sita. Hiyo ni nafasi, wengi hawaipati.

KijanaWaUyole

Wazee wangu na dada yangu, sijui nishukuruje. Leo nimetoka kazini mapema, nimefanya yote. Nimetuma faili tatu nikaziacha kwenye kisoma kadi, nikaizima Hercules kibabe kama umeme umekata, nikawasha nikajibu CKPT. Nimesubiri moyo unadunda, nikaingia nikaandika QUERY READER ALL, zote tatu zipo! Nikapiga DISK LOAD moja moja, sasa ziko 191. MVS nimeiacha kwa #CP DISC tangu saa moja jioni na mpaka sasa naandika hapa bado inaendesha kazi zake. Yule jamaa wa elfu hamsini nimemwambia hapana, hela nanunulia betri Jumamosi.

Mzee, nikimaliza hapa nianze na nini?

Mzee wa Kihesa

Washa VM nyingine ndani ya hiyo VM, kama mgeni. Sisi matoleo mapya tulikuwa tunayajaribia humo kabla hatujayagusa ya kazini. Mpe mgeni wako diski zake, uiwashe, halafu andika QUERY NAMES, inayoorodhesha walioingia, kwenye VM ya juu, kisha uandike hiyohiyo kwenye ya ndani. Majina yatakuwa tofauti. Ukikwama kwenye mistari ya MDISK ibandike hapa tuiangalie, hapo wengi hukosea silinda, yaani vipande vya diski, zikalaliana.