Aliyemponda tandu wangu kwa kandambili YANGU anajijua, na nyie mnamjua

Wakuu, naandika mikono ikitetemeka, kwa hiyo atakayenisahihisha herufi leo tutagombana.

Jina simtaji. Hana haja ya kutajwa. Ni yule yule. Uzi wowote wa wadudu ukifunguliwa humu, wa kwanza kujibu ni yeye: "Tulia, usimshtue, tandu hana shida na mtu." Yule anayetuita sisi wengine watoto wa juzi. Mmeshamjua.

Sasa huyo bingwa, leo hii, hata saa mbili hazijapita, amepanda juu ya meza yangu na viatu vyake, akapiga ukunga mpaka jirani akaja kuuliza kama tumeingiliwa na mwizi, kisha akashuka akamponda tandu wangu kwa kandambili. Kandambili YANGU. Niliyokuwa nimeivua makusudi ili nisije nikamshtua mdudu kwa kishindo.

Ngoja nirudi nyuma kidogo, maana nikiendelea hivi nitalia.

Yule tandu nilimwinda bafuni usiku 11. Nawasha taa, napaona kama unywele umekatika unakimbia ukutani, nikipepesa jicho keshaingia kwenye tundu la maji. Usiku wa 12 nikamkuta ametulia anajisafisha miguu, anaipitisha mdomoni mmoja mmoja kama mtu anayelowesha uzi apate kuutunga kwenye sindano. Nikamfunika na glasi taratibu, nikapenyeza karatasi ngumu kwa chini. Hakudondosha hata mguu mmoja, na hawa mnajua walivyo, ukimgusa vibaya anakuachia miguu mkononi yeye anaondoka zake. Nilihesabu: jozi 15, yote 30 ipo. Ile miwili ya nyuma mirefu kupita mwili wake zaidi ya mara mbili, nikajua ni jike.

Wiki tatu nimemlea. Pamba yenye maji kila siku kwa sababu wanakauka upesi, kipande cha gome la kujifichia, mende wachanga wa kumtosha. Ameanza hadi kula nikiwa nimekaa palepale. Mende anatupwa, kufumba na kufumbua ameshazungukwa na miguu, sumu imeshapita kwenye ile miwili ya mbele iliyogeuka makucha, na mende bado anadhani anatembea. Jina sikumpa kwa sababu nilikuwa bado nachagua. Hiyo nayo inaniuma.

Bingwa akaja "kumkagua". Nikamwambia mkuu tazama kwa nje, kopo linaonyesha. Akasema yeye hasomi mdudu kupitia plastiki. Akavua kifuniko. Chote! Tandu akafanya anachofanya tandu yeyote duniani akiona upenyo, akapanda mkono. Mkono wa bingwa.

Mengine nimeshasema. Meza. Ukunga. Kandambili, mara tatu, na ya kwanza ilitosha kabisa. Ilibaki miguu sita mkekani inacheza peke yake. Na yeye, wakuu, akafuta soli kwenye ukingo wa mkeka, akanitazama usoni, akasema: "Huyu alikuwa hajazoea watu."

HAJAZOEA WATU.

Nani humu ana tandu aliyezoea watu? Anayeitika akiitwa? Anayekuja kukupokea mzigo? Hajazoea watu! Akiwa ameshika kandambili yangu!

Sitaki ushauri. Nilitaka tu mjue kuhusu ile meza.

Kunguni Mstaafu: Pole sana mkuu. Ila hapo kwenye ukunga fafanua. Ulikuwa mnene au mwembamba? Ni kwa ajili ya kumbukumbu tu.

Mleta uzi: Mwembamba. Mbwa wa mtaa wa pili waliitikia.

Sijaona Kitu: Samahani, napita tu. Kwa hiyo nyie watu mnafuga jongoo? Kwa hiari yenu?

Taa ya Bafuni: Jongoo tena! Jongoo pingili moja ina jozi mbili za miguu, tandu pingili moja jozi moja. Jongoo anakula majani yaliyooza na ukimgusa anajikunja. Tandu anawala wanaokula vitu vyako. Huyu wa ndani anaitwa Scutigera coleoptrata, Linnaeus kamwandika tangu 1758, na mpaka leo mtu anakuja na jongoo.

Sijaona Kitu: Nimeelewa mwalimu. Mtupa jongoo hutupa na mti wake, mponda tandu huponda na kandambili ya mwenyeji.

Dada Pamba: 😂😂 Uzi ufungwe hapo hapo.

Mpenda Amani: Tuwe waungwana jamani, upande wa pili hatujausikia. Mtu akipandwa na tandu ghafla mkono unajitikisa wenyewe, huo si woga. Na isitoshe ile kandambili ya kushoto ilikuwa imelegea mkanda, haikupiga kwa nguvu kiasi hicho.

Kunguni Mstaafu: Mkuu, ya kushoto umejuaje?

Taa ya Bafuni: Akaunti imefunguliwa leo. Hili ndilo bandiko lake la kwanza.

Mleta uzi: ILIKUWA YA KUSHOTO.

Dada Pamba: Mpenda Amani njoo, meza imesafishwa.

Mguu wa Thelathini: Bora wako mleta uzi, kaondoka kwa kandambili, kifo cha mara moja. Mimi niliweka wawili kopo moja nikidhani watapiga soga. Asubuhi nakuta mmoja, amenona, na miguu ya mwenzake imetapakaa kwenye kona kama vijiti vya kuwashia moto. Hakuna aliyenifungulia uzi.

Kunguni Mstaafu: Wawili kopo moja? Wewe ndiye wa kufunguliwa uzi.

Dada Pamba: Na mimi je? Mume wangu alipuliza dawa nyumba nzima ili aue mende, wakati aliyekuwa anawamaliza mende ni tandu wangu. Mende wamesharudi. Tandu hajarudi. Nikisema, naambiwa mende angalau anafahamika.

Mleta uzi: Poleni, lakini huyo mume hakupanda meza na viatu.

Mguu wa Thelathini: Meza inafutika mkuu. Mwenzangu aliyeliwa hafutiki.

Kimya Kingi: Mimi wangu hajafa. Ametoroka. Yuko chumbani. Hii ni wiki ya pili na mtu ninayelala naye sijamwambia.

Taa ya Bafuni: Usimwambie.

Kimya Kingi: Juzi nimekuta mguu mmoja kwenye shuka.

Taa ya Bafuni: Hiyo habari njema. Alikwama akaukata mwenyewe. Akijivua ngozi unaota upya.

Kimya Kingi: Habari njema kwa nani?

Kunguni Mstaafu: Weka kitambaa chenye maji chini ya kitanda usiku, kando yake kopo limelazwa na gome ndani. Kiu ndiyo itakayomleta, mapenzi hana. Na usimshike mkononi, anauma pale anapobanwa, unavimba kidogo kama umechomwa na nyuki.

Mleta uzi: Wakuu, turudi kwenye mada. "Hajazoea watu." Mnaisikia hiyo kauli lakini?

Sijaona Kitu: Napita tena. Sasa mmenifanya nikaangalie bafuni kwangu na nimekaona kadogo sana, keupe, kana miguu minane. Nimehesabu mara mbili. Si hako ni kabuibui?

Taa ya Bafuni: Kama kanakimbia halafu mwili mrefu, hako ni katoto ka tandu! Wakitoka yaini wana jozi 4 tu. Wakijivua ngozi wanakuwa na jozi 5, halafu 7, 9, 11, 13, mpaka 15 zitimie. Usikaguse!

Sijaona Kitu: Nimeshakafunika na kikombe.

Dada Pamba: Ona huyu! Aliyekuja kutucheka!

Kunguni Mstaafu: Karibu chamani. Hako usikape mende, mende ndiye atakayekala. Tafuta wadudu wadogo kabisa, hata wakiwa wawili. Na pamba iwe mbichi bila kudondosha maji, katazama.

Mguu wa Thelathini: Na kasiwe na mwenzake. Nasema kwa uchungu.

Mleta uzi: Alifuta soli kwenye MKEKA wangu. Naona yuko mtandaoni sasa hivi, anasoma.

Sijaona Kitu: Jamani, hiki kifuniko mnatoboa na nini? Hapa nina msumari na sindano.

Mleta uzi: Sindano. Tundu la msumari hako kanapita. Na utoboe kabla hujakaweka ndani, vumbi la plastiki lisikaangukie.