PhD ya sayansi ya tiba Marekani, imebaki miezi 18: IDP, walezi na K99 nianzie wapi?

Mwanakinga

Wakuu, salaam. Ninasoma PhD ya elimu ya kinga ya mwili katika chuo kimoja Marekani kwa viza ya F-1 (ya mwanafunzi), na kwa hesabu ya kamati nitatetea tasnifu baada ya miezi 18 hivi. Kila mwaka tunajaza IDP, ule mpango binafsi wa maendeleo. Unajazwa, msimamizi anasaini, unaingia kwenye faili, basi.

Naomba msaada kwa mambo matatu. IDP iandikwe vipi ili ifanye kazi? Mlezi wa kitaaluma ni nani hasa, ikiwa msimamizi anajua njia ya uprofesa peke yake na mimi bado nazipima njia tatu: postidoki (kazi ya utafiti ya muda baada ya PhD), kampuni za dawa, au kurudi Afrika Mashariki? Na ruzuku ya K99, ile ya kumvusha mtafiti kutoka postidoki hadi uprofesa, inayosemekana haidai uraia, nianze kuihesabia lini? Maneno ya kutiana moyo ninayo tayari, nataka tarehe na hatua.

DktPwani

IDP nyingi hazifanyi kazi kwa sababu zimeandikwa kama matamanio. "Kuboresha uandishi." "Kujifunza takwimu." Lengo la namna hiyo hakuna mtu anayeweza kulidai. Na ujue chuo kinatafuta nini: tangu Oktoba 2014 NIH, taasisi za taifa za afya za Marekani zinazotoa ruzuku hizi, inazitaka taasisi zieleze kwenye ripoti za maendeleo ya ruzuku kama zinatumia IDP, lakini haiombi kuuona mpango wenyewe. Ndiyo maana saini inawatosha. Yaliyomo ni yako.

Igawe vipande viwili. Kipande cha kujipima (unachokiweza, unachokichukia, unachokithamini) kaa nacho mwenyewe. Ile programu ya bure ya myIDP iliyotoka 2012 ina maswali mazuri ya kuanzia. Kipande cha malengo, ukurasa mmoja tu, ndicho cha kumpelekea msimamizi. Kila lengo liwe na kitu cha kuonekana, tarehe, saa kwa wiki, na mtu atakayekipokea. Kwa mfano: "Rasimu ya makala ya pili yenye vielelezo vitano, 30 Aprili, saa sita kwa wiki, atakayeisoma kwanza ni mjumbe fulani wa kamati." Weka malengo matatu kwa miezi sita. Ukiweka saba, manne yatakufa, kwa sababu panya wa majaribio hawangoji ratiba ya mtu.

Kikao cha IDP usikichanganye na kikao cha data. Omba dakika 45 mara mbili kwa mwaka, tuma ukurasa wako siku tatu kabla. Ukiuchomeka mwishoni mwa kikao cha kila wiki, jeli na grafu zitamaliza muda wote. Siku hiyohiyo baada ya kikao mwandikie baruapepe ya mistari mitano: tumekubaliana hili, tarehe hii, mimi nitafanya hiki, wewe utafanya kile. Baruapepe hiyo ina uzito kuliko ile saini.

Jambo moja lisikose kwenye ukurasa huo: kila makala, nani mwandishi wa kwanza. ICMJE, kamati ya wahariri wa majarida ya tiba, ina vigezo vinne vya uandishi na lazima mtu atimize vyote, na CRediT, mfumo wa kutaja mchango wa kila mwandishi, inagawa kazi katika majukumu 14. Tumia hayo mawili sasa wakati bado mnacheka pamoja. Kinachoharibika kwa kawaida ni hiki: mwanafunzi anahitimu, wahakiki wanadai majaribio mawili zaidi, mwingine anayafanya, na nafasi ya kwanza inaanza kuyumba. Andikeni mapema kwamba ukiondoka utaendelea kuandika, na ni kiasi gani cha kazi mpya kitakachofungua upya mazungumzo ya nafasi.

Bi_Maabara

Mdogo wangu, nakubaliana na DktPwani isipokuwa hapo pa kuficha sehemu ya kujipima. Kama msimamizi ni mtu wa kusikiliza, mwonyeshe angalau udhaifu mmoja anaoweza kukusaidia nao, mfano kuandika ukurasa wa malengo mahususi ya ruzuku. Hawezi kukufundisha asichojua kwamba hukijui.

Kuhusu walezi: msimamizi anataka uhitimu vizuri, na pia anataka mikono yako ikamilishe kazi alizoahidi kwenye ruzuku yake. Yote mawili ni halali, lakini siku moja yatagongana, kwa hiyo usimtwike yeye kila kitu. Anza kuorodhesha mahitaji, halafu ndiyo utafute watu. Unahitaji mtu wa mbinu za maabara au takwimu. Unahitaji msomaji mkali wa maandishi yako. Kwa kila njia unayoipima unahitaji mtu mmoja aliyeitangulia kwa miaka mitatu hadi saba. Profesa wa miaka thelathini ni hazina kwa mambo mengine, lakini soko la ajira aliloingilia yeye halipo tena. Na unahitaji mtu wa kukutaja kwenye vikao usivyokuwepo. Huyu wa mwisho haombwi. Hujitokeza akishaiona kazi yako, basi mwalike asimame mbele ya bango lako, au omba nafasi ya kutoa semina idarani kwake.

Usimwandikie mtu "naomba uwe mlezi wangu." Ni mzigo usio na mipaka na wengi watanyamaza. Omba dakika 20 na swali moja: "Ulipotoka kwenye postidoki kwenda kampuni, ni ujuzi gani waliuulizia kwenye usaili ambao hukuutarajia?" Wiki tatu au nne baadaye mrudie kwa mistari miwili kueleza ulichofanya na ushauri wake. Wengi hawarudi, na ni huko kurudi kunakomfanya mtu awe mlezi.

Sasa barua za mapendekezo, ambako watu wengi huumia. K99 inataka barua tatu hadi tano, na waandishi wake wasiwe wanahusika moja kwa moja na maombi, yaani mlezi mkuu na walezi wenza hawahesabiwi. Aliyetumia miaka yote ndani ya maabara moja hujikuta kila anayemfahamu vizuri ni mhusika. Chagua sasa wajumbe wawili wa kamati, na mmoja wa nje mnayeshirikiana naye, wawe wanapokea ukurasa mmoja wa matokeo yako kila miezi minne. Wakati wa kuomba ukifika, wape wiki sita, CV, muhtasari wa utafiti, na mambo matatu ambayo kila mmoja aliyaona kwa macho yake. Barua hupakiwa na waandishi wenyewe kwenye eRA Commons, mfumo wa mtandaoni wa NIH, na tarehe yao ya mwisho ni ileile yako. Zikipungua idadi, maombi yanaweza yasihakikiwe kabisa, kwa hiyo fuatilia kwenye mfumo mwenyewe, neno la "nimeshatuma" lisikutoshe.

Hesabu_za_Ruzuku

Ni kweli K99 haidai uraia wala ukazi wa kudumu, tofauti na F31, F32 na nafasi za T32, ambazo ni fedha za NIH za mafunzo ya wanafunzi na postidoki. Lakini ina saa inayogonga: siku ya kuwasilisha, hata kama ni marudio, usiwe umezidi miaka minne ya utafiti wa baada ya PhD. Miezi ya postidoki katika nchi nyingine nayo huhesabiwa. Anayejifungua ndani ya muda huo anaweza kuomba nyongeza ya mwaka mmoja.

Piga hesabu kwa kurudi nyuma. Maombi mapya hupokelewa 12 Februari, 12 Juni na 12 Oktoba. Marudio 12 Machi, 12 Julai na 12 Novemba. Tuseme umeanza postidoki 1 Septemba. Ukiwasilisha Oktoba ya mwaka wa tatu, uko mwezi wa 26. Wahakiki watakaa Februari au Machi, maoni yao yatakufikia baada ya tarehe ya marudio ya Machi kupita, kwa hiyo marudio halisi ni Julai, mwezi wa 35. Bado una mwaka wa akiba. Ukingoja hadi Juni ya mwaka wa nne ili "makala itoke kwanza", wahakiki watakaa Oktoba au Novemba, marudio yatasogea hadi Machi, na hapo ile miaka minne imeshapita. Wengine hupata kwenye marudio, si mara ya kwanza. Kwa hiyo lenga mwezi wa 24 hadi 26 kwa jaribio la kwanza.

Muundo wake: awamu ya K99 hadi miaka miwili chini ya mlezi, kwa angalau asilimia 75 ya muda wako, kisha R00 hadi miaka mitatu ukiwa na kazi ya uprofesa, hadi dola 249,000 kwa mwaka. Kiasi hicho kinajumlisha gharama za uendeshaji za chuo, kwa hiyo kinachofika mezani ni pungufu. Taarifa kukuhusu na mpango wa utafiti vinagawana kurasa 12. Pale maombi yanapoporomoka mara nyingi si kwenye sayansi. Ni kwenye mpango wa mafunzo, mtu anapoandika kwamba atajifunza kitu ambacho makala zake zinaonyesha anakijua tayari, na kwenye barua ya mlezi isiyotamka ni sehemu gani ya mradi utaondoka nayo. Swali hilo liulize kwenye usaili wa postidoki, kabla ya kusaini: "Nikianzisha maabara yangu, mradi upi utakuwa wangu?" Anayekwepa kulijibu siku hiyo atakwepa pia kuliandika.

Halafu R00 hutumika katika taasisi ya Marekani. Kama moyo uko nyumbani, usiipe K99 miaka yako miwili bora.

Kabla ya hapo kuna ufadhili wa postidoki unaopokea wasio raia: American Heart Association kama kazi inagusa moyo, mishipa au ubongo, Jane Coffin Childs ukiwa katika maabara ya Marekani, na HFSP (Human Frontier Science Program) ukihama nchi. Soma tangazo la mwaka husika, masharti hubadilika.

Mwanakinga

Asanteni sana, nimeanza kujaza kalenda. Nyongeza mbili: viza inaingiaje kwenye hesabu hizi, na msimamizi nimwambie lini kwamba kampuni nazo nazitazama?

Kilindini_Bio

Viza kwa kifupi, na kila hatua ithibitishe na ofisi ya wanafunzi wa kimataifa. OPT, ruhusa ya mwenye F-1 kufanya kazi baada ya masomo, unaiomba kuanzia siku 90 kabla ya programu kuisha hadi siku 60 baada yake. Ni miezi 12, na kwa fani yako kuna nyongeza ya 24 kwa mwajiri aliyejiunga na E-Verify (mfumo wa serikali wa kuthibitisha haki ya kufanya kazi), mkiwa mmejaza fomu I-983 ya mpango wa mafunzo. Siku zisizo na kazi hazitakiwi kuzidi 90 katika mwaka wa kwanza, au 150 ukijumlisha na nyongeza. Postidoki inaweza kuanzia humo.

Chuo kikikupa J-1 ya mtafiti (viza ya wageni wa kubadilishana), kikomo ni miaka mitano. Kabla ya kukubali uliza kama utabanwa na sharti la kurudi nyumbani miaka miwili. Hutokana na fedha za serikali au na orodha ya Marekani ya ujuzi unaohitajika nchini kwako, na orodha hiyo ilibadilishwa Desemba 2024. Sharti hilo huzuia H-1B (viza ya kazi) na ukazi wa kudumu. H-1B ya chuo kikuu haimo kwenye ukomo wa idadi ya viza kwa mwaka, ya kampuni imo: usajili ni Machi, kazi kuanzia 1 Oktoba. Tangu Septemba 2025 kuna pia tangazo la ada ya dola 100,000 kwa baadhi ya maombi mapya, kwa hiyo mwajiri aeleze mapema msimamo wake.

Kwa kuwa huwezi kulipwa na T32, mshahara wako wa postidoki huenda ukatoka kwenye ruzuku ya profesa. Fungua NIH RePORTER, hifadhidata ya ruzuku za NIH, andika jina lake, tazama tarehe ya mwisho ya kila ruzuku. Ruzuku moja iliyobakiza miezi 14 ina maana mkataba wako ni wa miezi 14, hata barua iseme nini. Kiwango cha NRSA, yaani posho ya NIH kwa postidoki, kwa anayeanza kilikuwa dola 61,008 mwaka 2024. Kitumie kama kipimo, ukikumbuka kodi ya nyumba Boston si ya St. Louis.

Bagamoyo_Mpya

Kama kurudi ni jambo la kweli, mlezi wa nyumbani umpate mwaka huu. Taasisi kama KEMRI-Wellcome ya Kilifi, Ifakara, au MRC/UVRI ya Entebbe huandika maombi ya ufadhili pamoja na mtafiti anayewajia, na hawawezi kumwandikia mtu waliyemfahamu wiki iliyopita. Muulize mambo ya mikono: mashine ya kuchambua seli ipo na ina mkataba wa matengenezo? Naitrojeni ya maji inaletwa mara ngapi? Kitendanishi kikiagizwa kinakaa bandarini siku ngapi? Majibu hayo yataamua ni majaribio gani uandike kwenye mpango. Sampuli zikihitaji kutoka Tanzania, weka miezi kadhaa ya kibali cha maadili cha NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba) na mkataba wa kuhamisha sampuli. Na kama unalenga kufundisha chuoni Tanzania, peleka cheti TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) kitambuliwe mara tu kikitoka, usingoje tangazo la kazi.

DktPwani

Kuhusu kumwambia msimamizi: mwambie mapema, kama miezi 12 kabla, lakini uende na tarehe za kazi yake mkononi. "Nazipima njia mbili, moja ni kampuni. Makala ya pili itawasilishwa Aprili, ya tatu nitamkabidhi fulani Agosti, itifaki zote zitakuwa kwenye folda ya maabara." Anachohofia ni mradi kubaki yatima, na hilo umeshalijibu. Postidoki uanze kuandikia maabara miezi 9 hadi 12 kabla ya kuhitimu. Kampuni hutaka mtu aanze ndani ya wiki chache, kwa hiyo maombi yao yangoje miezi mitatu hadi sita ya mwisho. Usisubiri mojawapo ijibu ndipo uanze nyingine.