Konokono wamemaliza mchicha sasa wanakula ukuta, nifanyeje?

Mama Matembele
Wakuu habari za humu. Niko Tanga, tangu mvua zianze konokono wamenitia adabu, wale wakubwa wa kahawia wenye michirizi, mchicha na matembele wanapitia usiku mmoja tu asubuhi nakuta ute. Kinachonishangaza sasa wamepanda ukutani, ule upande wenye chokaa wanaukwangua kabisa. Jirani kanambia nimwage chumvi bustani nzima, kuna aliyejaribu? Na ndo hawa wanaoleta kichocho? Maana watoto wanawachezea.

mzee wa bata
Chumvi usithubutu dada, konokono atakufa ndio ila na mchicha hapo hauoti tena. Dawa ni tochi. Usiku toka na ndoo ya maji ya chumvi, vaa glavu au hata mfuko wa nailoni mkononi, okota tumbukiza. Mchana funua matofali, mbao na majani yaliyooza ndo wanakolala, fukua kidogo utakuta mayai, ponda yote. Kila mmoja ni dume na jike hapo hapo na anataga mia na zaidi kwa mara moja, ukiacha mayai umefanya kazi bure.

Kijana_Baiolojia
Ukutani wanafuata kalsiamu ya kujengea gamba, na gamba lenyewe linaweza kufika sm 20 sasa piga hesabu wanahitaji chokaa kiasi gani. Hawa asili yao ni pwani yetu hii hii, huko nje wanawaogopa balaa. Mwaka 1966 mtoto mmoja aliingia nao watatu Miami kutoka Hawaii, bibi yake akawaachia bustanini, mpaka inafika 1975 wanatangaza wamewamaliza walishaokota zaidi ya 18,000 😂 na 2011 wakaibuka tena.

Kichocho sio hawa, ni wale wadogo wa kwenye madimbwi, mifereji na ziwani. Ila watoto wasiwashike, wanabeba minyoo ya panya inayoweza kumfika mtu mpaka kwenye ubongo. Na mchicha uoshe vizuri, uive.

Mama Matembele
Asanteni jamani. Na zile punje za bluu za dukani za kuua konokono? Nina mbwa lakini.

mzee wa bata
Zenye sumu ya metaldehaidi achana nazo, mbwa akila anakufa. Tafuta bata, konokono wadogo wadogo wanawabugia vizuri tu, ila wakishiba wafungie maana wakimaliza konokono wanahamia kwenye mchicha.