Naomba ushauri: mume wangu ana usaili wa bendi ya jeshi Dar

Habari zenu wapendwa. Sisi tupo Tanga, Chumbageni. Mume wangu kaitwa Dar kwenye usaili wa bendi ya jeshi, Alhamisi saa 2 asubuhi. Anapuliza tarumbeta tangu utotoni, alijifunzia bendi ya kanisa la Kilutheri kule Lushoto, na nimeamua kumsindikiza.

Kinachoninyima usingizi ni midomo yake. Basi ni mwendo wa saa 6 hivi kupitia Segera na Chalinze, tutashuka Mbezi hoi, na mpuliza tarumbeta asipopasha midomo sauti za juu zinakwama. Gesti nako hawezi kupuliza usiku, watu wamelala. Je, tufike Jumanne? Kuna aliyewahi kufanyia mazoezi ufukweni? Mchanga na chumvi kuingia kwenye vali, zile za kubonyeza kwa vidole, vinanitisha.

Halafu yeye ni mtu wa do-re-mi za kwaya. Nota za mistari mitano anazisoma polepole. Wakimwekea karatasi asiyoijua afanyeje?

Ijumaa tutavuka na pantoni hadi Kigamboni, tukirudi tupite Makumbusho ya Taifa, mtaa wenye jina la Shaaban Robert, mtu wetu wa Tanga. Hayo nimeshapanga. Nisaidieni ya Alhamisi.