Tupeane uzoefu: feki gani ilishakuingia mkononi?

Mwana wa Mkunazini
Assalaam aleikum jamani. Jana usiku Forodhani, Unguja, nimemuona dogo wa urojo anamrudishia mteja noti ya elfu kumi. Hata kwenye taa hakuimulika. Kaipapasa kwa kidole gumba, kaikunja, kasema, "Kaka, nipe nyengine." Mteja akawa mkali, "Unanifanya mwizi mie?", watu wakajaa. Ikapelekwa kwa muuza mishikaki wa pembeni, naye kaipapasa, kaitikisa sikioni, kaguna. Feki. Mwenye noti akalipa kwa sarafu huku anatukana.
Haya, kila mtu na yake. Noti, hati, cheti, viungo, dhahabu, chochote. Ila useme ilijulikana vipi, maana hapo ndipo penye faida.

Bi Msuka Ukili
Dogo anaijua kazi yake. Noti ya halali ina mkwaruzo pale penye maandishi, na karatasi yake inalia. Feki inateleza kama risiti ya dukani. Ukipata mwangaza, itazame sehemu ile nyeupe, kichwa cha Mwalimu Nyerere kitokeze kutoka ndani ya karatasi. Kikiwa kimekaa juu juu kama doa la mafuta, mrejeshee mwenyewe hapo hapo kabla hajageuka. Na wanapenda kuzitoa magharibi, muuzaji ana foleni na giza linaingia.

Yakhe wa Wete
Na ukishaijua usimpachike mwenzio. Kuipitisha hali unajua ni kosa lile lile. Peleka benki au polisi.

Kipanga
Benki wanaichukua na hupewi hata mia. Mie naichana, nashika njia yangu.

Yakhe wa Wete
Ndiyo, hupewi. Ulitaka wakupe pesa ya kweli kwa karatasi? Mashine ya kuchapia si ingekuwa kila nyumba.

Kipanga
Sheikh, kwako hailali noti ndo maana una moyo huo.

Mama Twalha
Acheni kugombana. Zafarani! Mie niko sokoni miaka, wallahi wageni wanapigwa. Zafarani haioti Unguja wala Pemba, nyingi duniani inatoka Iran. Sasa mtu anauziwa mfuko mzima, umejaa maua makavu ya mmea mwengine, kwa bei ya chakula cha mchana, anashukuru na picha anapiga. Tia nyuzi mbili tatu kwenye maji ya vuguvugu. Ya kweli inatoa rangi polepole, maji yanakuwa manjano na uzi unabaki mwekundu. Ya rangi ya kupaka inamwaga wekundu papo hapo na uzi unapauka.

Yakhe wa Wete
Na karafuu vile vile. Wako wanaochanganya makonyo, yaani vijiti vyake, au kutia maji gunia lizidi uzito. Ibinye kwa ukucha, ikiwa nzima inatoa mafuta. Au itie kwenye gilasi ya maji: nzuri inasimama kichwa juu, iliyokwisha kukamuliwa mafuta yake inalala.

Fundi Msaji
Mnisamehe, mie ndo mtengenezaji. Nachonga makasha. Mtu anakuja anataka "la zamani", namwambia la zamani sina, nalitengeneza la kizamani. Msaji mpya naupaka maji ya magadi, chai kali, moshi kidogo, rangi ya viatu kwenye pembe, misumari ya shaba naifutia chumvi na ndimu iote kijani. Wiki kadhaa tu, babu yako anaapa lilikuwa la mama yake. Mie nauza kwa jina lake. Likishatoka kwangu, muuzaji anamwambia Mzungu ni la enzi za Seyyid Barghash, hapo simo.

Bi Msuka Ukili
Humo wapi? Kijani umekiotesha wewe!

Fundi Msaji
Kijani ni pambo, uongo ni maneno. Ukitaka kulijua, ligeuze chini. Mbao za zamani zilipasuliwa kwa msumeno wa mkono, mistari yake imenyooka kwenda juu. Za mashine zina mistari ya upinde. Kisha fungua bawaba: ukikuta skurubu yenye kichwa cha msalaba, hilo halikumjua huyo Sultani Barghash. Na vidroo vya siri vivute, chini viwe vimelika pale vinaposuguana. Mikwaruzo mingi juu na chini papya, achana nalo.

Mjukuu wa Kaskazini
Nyie mnalilia elfu kumi na masanduku. Sie tulitaka kunyang'anywa shamba.
Babu alipofariki alituachia shamba la minazi, na hatukuwa na wasiwasi, kila mtu pale anajua ni lake. Baada ya arubaini akaja mtu na barua. Babu kamuuzia mwaka 1996, mashahidi wawili (wote marehemu), mhuri wa sheha (kiongozi wa mtaa), na chini alama ya kidole gumba cha babu. Babu! Kasomesha chuo cha Qur'ani maisha yake yote, saini yake ya herufi za Kiarabu iko kwenye kila msahafu aliogawa. Mtu anayejua kuandika anapigaje dole gumba?
Akatujibu kuwa babu siku ile alikuwa mgonjwa, mkono unatetemeka. Wazee wakaanza kutazamana. Baraza nzima kimya, ami yangu mkubwa keshaanza kusema "basi tumpe nusu, tumalize kwa salama".
Shangazi kavaa miwani. Kaivuta barua, hakusoma maneno, kausoma mhuri. Ulikuwa na jina la shehia na chini yake namba ya simu ya mkononi, inaanza 0777. Yeye aliuza vocha dukani kwake tangu kuja kwa simu hizo. Kauliza taratibu, "Mwanangu, mwaka 1996 Zantel ilikuwa wapi?" Zantel, kampuni ya simu ya hizo 0777, imeanzishwa 1999!
Jamaa kaomba maji. Kisha akasema hiyo ni nakala, mhuri umegongwa baadaye, ya asili imeliwa na mchwa.

Kipanga
Mchwa wa 0777 hahahaha

Bi Msuka Ukili
Shangazi apewe zawadi. Hapa hadithi zote zimekwisha, tufunge.

Mwana wa Mkunazini
Hatufungi. Mahakamani mlikwenda?

Mjukuu wa Kaskazini
Shauri la shamba tumeshinda Mahakama ya Ardhi. La kughushi hadi leo hajashtakiwa.

Wakili wa Kijiweni
Kughushi ni miaka 7, msimuache.

Yakhe wa Wete
Miaka 7 ni Kanuni ya Adhabu ya Bara. Zanzibar ina Sheria yake ya Adhabu, namba 6 ya mwaka 2018. Usimpeleke mtu kituoni na kifungu cha watu.

Wakili wa Kijiweni
Kosa si ni lile lile?

Yakhe wa Wete
Kosa lile lile, hati ya mashtaka siyo ile ile. Kesi itafutwa urudi nyumbani unajikuna. Na kwa wengine wote, kabla hujatoa pesa ya ardhi nenda Kamisheni ya Ardhi, na umuone sheha mwenyewe kwa macho. Usiletewe barua yake.

Mama Twalha
Mie ningemsomea halbadiri tu, angeleta mwenyewe mashine ya mihuri.

Fundi Msaji
Halbadiri ukikosea jina inamrudia msomaji. Muacheni, ni jirani.

Kipanga
Jamani mie nina riale ya Maria Theresa ya bibi, imeandikwa 1780. Dhahabu kabisa.

Bi Msuka Ukili
Ni ya fedha, siyo dhahabu, na 1780 si lazima iwe 1780. Mwaka huo ndio aliokufa malkia mwenyewe, na sarafu zikaendelea kupigwa na tarehe ile ile, Vienna na hata London na Bombay. Si feki, lakini uzee wake huujui. Ipime, iwe gramu 28 hivi.

Kipanga
Kwa hiyo bibi kaongopa?

Bi Msuka Ukili
Bibi hajaongopa. Wewe ndo uliyesema dhahabu.

Mwana wa Mkunazini
Mjukuu, turudi kwako. Shangazi anasemaje, mshitaki au halbadiri?

Mjukuu wa Kaskazini
Halbadiri hataki. Anasema alipe kwanza pesa za wakili, tena kwa noti atakazozipapasa mwenyewe.