Mlimtukana Maguire miaka yote, leo mnaimba jina lake: mashabiki wenzangu wa Man United hapa Arusha mmenichosha

Wakuu, salaam.

Nimejizuia siku mbili kuandika uzi huu, kwa sababu nilijua kwamba nikiandika nikiwa bado na hasira za Jumapili ningetumia maneno ambayo wasimamizi wangeyafuta kabla hamjayasoma. Hasira hazijapungua, kwa hiyo acheni niyaseme kwa adabu kadiri ninavyoweza.

Jumapili ya tarehe 19 Oktoba 2025 nilikuwa kwenye kibanda umiza kimoja cha hapa Ngarenaro kutazama mechi yetu na Liverpool kule Anfield. Bryan Mbeumo wetu alifunga kabla watu hawajamaliza kugombania nafasi kwenye mabenchi. Cody Gakpo wa Liverpool akagonga mwamba mara tatu, akasawazisha dakika ya 78, na dakika ya 84 Bruno Fernandes akaurudisha mpira ndani ya boksi, beki wetu Harry Maguire akaupiga kichwa ukaingia. Tangu Januari 2016 tulikuwa hatujashinda mechi ya ligi katika uwanja ule. Kijana aliyekaa mbele yangu alivua shati, akapanda juu ya benchi na kuimba jina la Maguire kana kwamba anamsifu mjomba wake. Kijana huyo huyo, Gakpo aliposawazisha, alikuwa amemwita Maguire gogo la mkaratusi, na alisema hivyo bila hata kusubiri marudio yaonyeshe kosa lilikuwa la nani. Hesabuni wenyewe: kati ya gogo na mjomba zilipita dakika sita.

Sina ugomvi na mtu kubadili mawazo. Kinachonikera ni kwamba sisi hatubadili mawazo, kwa sababu hatukuwa na mawazo tangu mwanzo. Tulichokuwa nacho ni mkeka wa kubeti. Ukikaa kibandani utasikia wazi kwamba mchezaji mzuri ni yule ambaye hajauchana mkeka wako wiki hii, na mchezaji mbovu ni yule aliyekupotezea shilingi elfu mbili uliyoweka ukitarajia laki tatu. Mtu hajui kama timu inacheza na mabeki watatu au wanne, ila anajua kwa uhakika nani auzwe Januari.

Turudi nyuma kidogo, maana kumbukumbu zetu ni fupi mno. Maguire alinunuliwa mwaka 2019 kutoka Leicester City kwa pauni milioni 80, bei ambayo hakuna beki aliyewahi kununuliwa nayo duniani kabla yake. Bei hiyo hakuipanga yeye, lakini tumemdai yeye deni lake kila wiki. Januari 2020 akapewa unahodha. Mwaka 2021 aliingia katika kikosi bora cha mashindano ya Ulaya akiwa na Uingereza, nasi tukaendelea kumcheka. Kejeli zilifika mpaka bungeni Ghana, ambako mwishoni mwa 2022 mbunge mmoja alimlinganisha makamu wa rais wa nchi yake na Maguire, na klipu ile ilizunguka kwenye simu zetu hapa Arusha kuliko tangazo lolote la maji kukatika. Julai 2023 kocha Erik ten Hag akamvua kitambaa cha unahodha. West Ham wakamtaka, tukashangilia kwamba anaondoka. Hakuondoka, na Novemba mwaka huo huo akachaguliwa mchezaji bora wa mwezi wa Ligi Kuu ya Uingereza. Yule mbunge, lazima niseme, alisimama tena bungeni akamwomba radhi, na Maguire akaipokea. Mwanasiasa ameweza. Sisi wa Ngarenaro tumeshindwa.

Halafu kuna usiku wa tarehe 17 Aprili 2025, ambao mtu asinisimulie kwa sababu nilikuwepo. Ilikuwa masika, mvua inapiga bati kiasi kwamba mtangazaji tulikuwa tunamsikia tu kwa kuhisi, na maji yalikuwa yanapita chini ya miguu yetu kuelekea kwenye waya wa televisheni, ambao mwenye kibanda alikuwa ameuinua kwa kigoda. Tuliongoza mabao mawili dhidi ya Lyon ya Ufaransa kwenye Europa League, wakayarudisha. Wakabaki pungufu, na bado katika muda wa nyongeza wakatuongoza 4-2. Hapo ndipo nusu ya kibanda iliponyanyuka. Saa sita ya usiku ilikuwa imeshapita, watu wanafunika vichwa kwa mifuko ya plastiki na kuita bodaboda huku wakimlaani Maguire aliyekuwa amesogezwa mbele acheze kama mshambuliaji, wakisema kocha amechanganyikiwa. Bruno akafunga penalti, Kobbie Mainoo akasawazisha, na dakika ya 121 Maguire akafunga kwa kichwa. Tulibaki watu tisa. Asubuhi yake, kwenye kahawa, nilikutana na si chini ya watu thelathini walioliona bao lile "kwa macho yao" pale kibandani.

Agosti mwaka huo huo tulipotolewa Kombe la Ligi na Grimsby, timu ya daraja la nne, kwa penalti 12-11, aliyetusawazishia dakika za mwisho na kutufikisha kwenye hizo penalti alikuwa Maguire. Nani alitukanwa kesho yake? Sihitaji kujibu.

Mtaniambia kwamba namtetea kupita kiasi. Ni mzito kugeuka, hilo naliona, na akiachwa peke yake na winga mwenye mbio natazama pembeni kama mtu anayechomwa sindano. Lakini mchezaji ana kasoro zake, na klabu ina kasoro zake, na sisi tumeamua kuzitwika zote kichwani kwa mtu mmoja mmoja, kwa zamu. Ilikuwa zamu ya kiungo Fred, ikawa ya kiungo mwenzake Scott McTominay. Huyu aliuzwa Napoli mwaka 2024, na msimu wake wa kwanza tu akatwaa ubingwa wa Italia na kuchaguliwa mchezaji bora wa ligi ile, wakati sisi tukimaliza nafasi ya 15 kwa pointi 42 na kufungwa na Tottenham kwenye fainali ya Europa League kule Bilbao, ambao wenyewe walimaliza wa 17. Ikawa zamu ya kipa André Onana, na hapa nakiri kwamba mimi mwenyewe nilimwita jina ambalo mama yangu angenizaba kibao akilisikia. Katika zamu zote hizo, waliomnunua winga Antony kwa zaidi ya pauni milioni 80 hawakuwahi kutajwa kibandani hata siku moja, wala familia ya Glazer, iliyoichukua klabu mwaka 2005 kwa mikopo kisha ikaitwisha klabu hiyo hiyo mzigo wa kuilipa. Hao hawaonekani kwenye skrini wakipoteza mpira, ndiyo maana wanalala salama.

Sasa nifike kwenye kilichoniudhi hasa. Jezi niliyovaa Jumapili ni ya Maguire, namba 5, niliyoinunua kwenye mitumba ya Memorial, Moshi, miaka miwili iliyopita. Ilikuwa imefunikwa chini ya rundo, na muuzaji aliponiona nimeishika alicheka, akaniambia, "Kaka, chukua kwa elfu tatu, hiyo inanijazia meza tu." Tangu siku hiyo nimeivaa kila mechi, na kila mechi nimeitwa majina, siku moja mtu aliniwekea ganda la ndizi kwenye kofia ya jaketi akisema ni pasi kutoka kwa beki wangu.

Mechi ya Anfield ilipokwisha, yule kijana wa juu ya benchi alinifuata mpaka nje, shati bado lipo mkononi, akanishika bega na kunitaka nimuuzie jezi hiyo kwa elfu ishirini na tano, kwa maelezo kwamba yeye ni shabiki wa Maguire wa siku nyingi. Nimemwelekeza stendi. Mabasi ya Moshi yanaondoka kila saa, na Memorial haijahama.