Naomba ushauri: kibodi mpya haina plastiki ya kuzuia maji

Asalaam aleikum jamani. Niko Lamu, Langoni, natumia laptop ya ThinkPad T480 ya mtumba. Vibonye vilianza kukwama (hewa ya chumvi ya huku haina huruma), fundi akanibadilishia kibodi.

Juzi nimeifungua kupangusa vumbi. Kibodi ya zamani, bado ninayo, ina karatasi nyeusi ya plastiki iliyogandishwa chini, maji yasipenye bali yafuate matundu ya kutokea tumboni mwa mashine. Hii mpya chini ni bati tupu! Na mimi kazi zangu ni barazani, kikombe cha kahawa ya tangawizi ubavuni, watoto wa dada wakipita mbio.

Je, niibandue ile plastiki niihamishie huku kwa gundi ya pande mbili, au nitaziba matundu? Kifuniko cha silikoni cha juu nakihofia joto. Najua ikimwagikiwa ni kuzima, kuchomoa chaja na betri ya nje, kuipindua. Lakini ina betri nyingine ndani, na hiyo haitoki bila bisibisi. Ndiyo maana nataka kinga mapema. Aliyewahi kufanya anieleze, shukran.